Gari Lililozima Juu ya Reli

Mtaani kwao hakuna aliyemwita kwa jina lake. Alikuwa Mama Pazia, kwa sababu alishona mapazia: ya ofisi, ya wodi, ya nyumba mpya ambazo wenyewe walikuwa hawajahamia bado. Kazi hiyo haikuwezekana bila gari. Majora ya kitambaa yalijaza kiti cha nyuma, na fimbo za mapazia zilipita katikati ya viti hadi karibu na kioo cha mbele, ikawa kila akibadilisha gia anazigonga kwa kiwiko.

Gari lenyewe lilikuwa dogo, la milango minne, rangi ya majivu, la zamani kuliko ndoa yake. Mumewe, aliyekuwa kinyozi, alilipata kwa kaka yake mkubwa na akalitunza kama mtu anavyotunza meno yake. Oili aliibadilisha kabla ya wakati wake. Mawingu yakitanda, alilifunika turubai. Akiambiwa gari limezeeka, alijibu kwamba hata yeye amezeeka na bado anaamka kila siku kwenda kazini.

Siku lilipozima kwa mara ya kwanza, Mama Pazia alikuwa kwenye mzunguko wa barabara katikati ya mji, lori kushoto kwake na basi nyuma yake. Halikukohoa, halikutetemeka, wala halikutoa moshi. Lilinyamaza tu, kama redio iliyofungwa. Usukani ukawa mzito ghafla mikononi mwake, na kanyagio la breki likawa gumu kama anakanyaga jiwe. Gari likajiendea kwa nguvu zilizobaki, likasimama mbele ya pua ya lori. Honi zikamzunguka pande zote. Akazungusha ufunguo; injini ikazunguka lakini haikushika. Akainamisha kichwa juu ya usukani. Baadaye kidogo akajaribu tena, likawaka bila kinyongo, kana kwamba halikufanya kosa lolote.

Mumewe alimsikiliza huku akifuta mashine zake za kunyolea.

"Mafuta yalikuwepo?"

"Yalikuwepo."

"Labda uliachia klachi vibaya."

"Baba watoto, nilikuwa kwenye mwendo. Klachi sikuigusa."

Akaenda kulizungusha mtaa mzima. Likaenda vizuri. Akarudi, akamwekea ufunguo mezani, akasema halina tatizo.

Lakini lilizima tena, mbele ya shule ya watoto. Likazima mara nyingine kwenye mteremko wa sokoni, na siku hiyo ilibidi alisimamishe kwa breki ya mkono, huku mwanamke aliyekuwa akivuka na ndoo kichwani akibaki amesimama katikati ya barabara, wametazamana.

Kinyozi alipeleka shauri dukani kwake, mahali ambapo kila kichwa kilichokaa kwenye kiti kilikuwa na maoni. Wengi wao walikuwa na magari ya aina ileile, au waliwahi kuwa nayo. Mwalimu mmoja aliapa kwamba ni pampu ya mafuta. Lake lilimfanyia hivyo hivyo mpaka akaibadilisha. Muuza vyombo alisema plagi. Mzee aliyekuwa akinyolewa ndevu alisema lake halijamsumbua tangu alinunue, kisha akakumbuka kwamba liko juu ya matofali tangu mwaka juzi. Wakacheka wote. Mama Pazia, aliyekuwa amekuja kuchukua funguo za nyumba, hakucheka.

Gereji yao ilikuwa kwa mtu aliyeitwa Fundi Miwani, kwa sababu miwani yake ilikuwa imefungwa kwa waya wa shaba. Alibadilisha pampu, gari likakaa sawa kwa muda, likazima. Akabadilisha plagi na nyaya zake, likazima. Akasafisha tangi. Kila alipoliweka kwake liwake kutwa, lilinguruma taratibu mpaka jioni bila kukatika.

"Dada yangu," alimwambia, "mimi nikiliona linavyozima, nitakuambia linaumwa nini. Lakini likifika hapa linajifanya jema."

"Kwa hiyo nisubiri liniue kwanza?"

"Sijasema hivyo." Akavua miwani, akaifuta kwa kitambaa chenye grisi, ikachafuka zaidi. "Nasema sijalikamata."

Hapo ndipo woga ulipohamia ndani ya Mama Pazia ukaweka makazi. Alianza kuchagua njia. Miteremko aliikwepa hata kama ni kuzunguka mji mzima. Hakupita gari lolote lililo mbele yake, hata likiwa mkokoteni. Alijifunza kusikiliza injini kwa namna ya mama anayesikiliza pumzi za mtoto mwenye homa, na sauti yoyote ndogo, hata ya fimbo kugongana, ilimkausha mate. Akifika kwa mteja, viganja vilikuwa vimelowa jasho kiasi cha kuogopa kushika kitambaa cheupe. Kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi alikata pazia fupi, likaning'inia juu ya sakafu kama suruali ya mtoto aliyerefuka.

Kibaya zaidi, alianza kujitilia shaka. Gari likimpeleka mumewe na kumrudisha salama, yeye alijiuliza kama kweli ana mguu mbaya. Kinyozi naye hakuwa na nia mbaya. Alisema kwa utani kwamba gari linamjua mwoga. Aliusema utani huo mara nyingi mno.

Wakati huo mama yake kinyozi alikuja kukaa nao kwa ajili ya matibabu ya nyonga. Alikuwa mwanamke mrefu, asiye na maneno mengi, aliyetembea kwa magongo mawili na kuchukia kusaidiwa. Mama Pazia alimheshimu, na kumwogopa kidogo pia. Marehemu baba mkwe alikuwa dereva wa lori la mizigo, na ilijulikana katika ukoo kwamba ujana wake wote bibi huyo aliumaliza ndani ya lori hilo, kwenye kiti cha pembeni, akimpikia mume njiani na kumzuia asisinzie.

Kumpeleka kliniki ilikuwa kazi ya mkamwana. Kumkalisha tu kwenye kiti cha nyuma, majora yakiwa yameondolewa, kulitaka subira: alitangulia kukaa, kisha akaingiza mguu mmoja kwa mikono yake miwili, akapumzika, akaingiza wa pili. Kumtoa kulichukua muda mrefu zaidi.

Mchana ule walikuwa wakirudi. Jua lilikuwa kali, na foleni ilikuwa inasogea kwa kujikongoja tangu kliniki. Ili kukwepa mteremko wa sokoni, Mama Pazia alikata kona akapita njia ya maghala, ambayo inavuka reli. Kivuko hicho hakikuwa na kizuizi. Kilikuwa na kibao na kengele tu. Alisubiri gari la mbele livuke lote, akatazama kulia, akatazama kushoto, akaingia.

Magurudumu ya mbele yalikuwa yameshaingia katikati ya reli mbili gari liliponyamaza.

Akazungusha ufunguo. Injini ikazunguka, ikazunguka, haikushika. Akajaribu tena. Kisha kengele ya kivuko ikaanza kulia.

Baadaye hakuweza kusimulia sehemu hii kwa mpangilio. Alikumbuka kwamba alitoka nje, akafungua mlango wa nyuma, akamshika mama mkwe kwapani na kuvuta. Mguu mmoja ukatoka. Wa pili ukanasa chini ya kiti cha mbele, na bibi akatoa sauti ya maumivu kupitia meno yaliyobanwa. Dereva wa pikapu iliyokuwa nyuma yao alikuja mbio na mtu mwingine, wakasukuma, lakini gurudumu lilikuwa limekaa kwenye ufa kati ya ubao wa kivuko na chuma cha reli. Gari liliinuka kidogo na kurudi palepale. Nyuma ya maghala, pale reli inapopinda, honi ya treni ilipigwa kwa kirefu.

"Tumtoe tu, mguu ukivunjika utaunga," alisema yule wa pikapu.

"Niacheni," bibi akasema. Alikuwa ameurudisha mguu wake ndani. "Wewe, mwanangu, rudi kwenye usukani."

"Mama, halitawaka."

"Sijakuambia uliwashe. Rudi ukae."

Akarudi, na hakujua kwa nini alirudi. Akashika ufunguo.

"Tia gia ya kwanza," sauti ya nyuma ikasema, polepole, kama mtu anayemsomea mtoto. "Toa mguu kwenye klachi kabisa. Kabisa. Sasa zungusha ufunguo na usiuachie. Stata yenyewe itakusogeza."

Akazungusha. Gari likaruka kidogo kama mtu mwenye kwikwi, likasimama.

"Usiuachie."

Akazungusha tena, akaung'ang'ania. Gari likaruka, likajivuta, likaruka. Wanaume nyuma wakaegemeza mabega. Gurudumu likapanda chuma, likatua upande wa pili kwa kishindo, na lile la nyuma likafuata. Likaendelea kujikwamua hivyo, hatua ya kobe, harufu ya waya unaoungua ikijaa ndani. Kwenye kioo cha juu aliona uso wa treni umetokea kwenye kona, mkubwa, taa yake inawaka mchana kweupe. Hakuacha ufunguo. Alikuwa bado anauzungusha wakati upepo wa mabehewa ulipolitikisa gari kwa nyuma na kelele ikafunika kila kitu.

Dereva wa pikapu ndiye aliyeingiza mkono dirishani akamfungua vidole, kimoja baada ya kingine.

"Basi dada. Limepita. Achia sasa."

Aliposhuka, alikaa kwenye changarawe. Alipoinuka alikwenda kumtazama mama mkwe. Bibi alikuwa amekaa wima, magongo ameyakumbatia, na machozi yanamtiririka bila sauti.

"Baba yao alifanya hivyo mara moja tu, kwenye daraja," alisema. "Sikujua kama kwenye gari dogo itafaa." Akajifuta kwa ncha ya mtandio. "Usimwambie mwanangu kwamba nimelia."

Fundi wa ghala la jirani alijaribu kuwasha gari, likawaka mara moja. Mama Pazia alikataa kuligusa. Walirudi nyumbani kwa pikapu, na gari likaachwa pembeni ya barabara.

Kinyozi alipopata habari, mteja alikuwa kwenye kiti, nusu ya kichwa imenyolewa. Alimwachia mwenzake amalizie, akaenda kulichukua gari mwenyewe alipeleke kwa Fundi Miwani. Hakurudi mpaka jua linazama, na alirudi kwa miguu. Mkewe alikuwa jikoni. Kinyozi akavuta kigoda, akakaa bila kuvua viatu.

"Limenizimia," alisema. "Kwenye mteremko, nyuma ya lori la mchanga. Nilikanyaga breki, haikukanyagika." Akamtazama mkewe. "Na wewe umekuwa ukiliendesha hivyo muda wote huu, na watoto ndani."

"Nilikuambia."

"Uliniambia."

Tangu siku ile hakuna aliyesikia tena ule utani wa mwoga.

Fundi Miwani safari hii hakutaka kuliacha gari gerejini. Aliuliza maswali yake upya: saa za joto au za baridi, foleni au barabara wazi, baada ya mwendo gani. Mama Pazia alijibu yote, kwani hakuna aliyekuwa amelisikiliza gari hilo kuliko yeye. Huzima likiwa limechemka, alisema, mchana, kwenye foleni, na huwaka likipoa kidogo. Fundi akamwomba wakalitafute pamoja. Alikubali kukaa kiti cha abiria, mkono kwenye kitasa cha mlango njia nzima. Wakazunguka katika foleni ya mchana mpaka likazima, mbele ya kituo cha mafuta. Fundi aliruka nje, akafungua boneti, akamimina maji ya chupa juu ya kidude kidogo kama kidole gumba, chini kabisa ubavuni mwa injini. Gari likawaka papo hapo.

"Nimelikamata," alisema.

Kilikuwa kifaa cha kuiambia injini ni wakati gani wa kutoa cheche. Kikipata joto kilikuwa kinapoteza fahamu, kikipoa kinazinduka. Kikabadilishwa kabla ya jioni. Gari halikuzima tena.

Woga haukubadilishwa pamoja nacho. Mama Pazia alikaa muda mrefu akipeleka mapazia kwa magari ya kukodi, fimbo zimefungwa juu. Kinyozi alitaka kuliuza gari. Mkewe akamuuliza atamuuzia nani, na huyo mtu ana watoto wangapi. Akasema kama limepona, wabaki nalo, na kama halijapona, wasimpe mtu. Siku moja alikwenda kwa miguu hadi kwenye kile kivuko. Akasimama mbali na kibao, akasubiri treni ipite. Akaenda tena siku nyingine. Mara ya tatu alikwenda na gari, peke yake, madirisha yote wazi na mkanda ameufungua, akavuka, kisha akaegesha pembeni na kutapika.

Mpaka leo analiendesha. Mama mkwe alipopona alirudi kwake, na akija kutembea hukaa mbele, si nyuma tena. Fimbo ndizo zinazohamishwa. Wakikaribia reli, yoyote ile, Mama Pazia hushusha vioo, huweka gia ya kwanza, na wote waliomo ndani hunyamaza mpaka magurudumu ya nyuma yavuke. Binti yake mkubwa alishangaa sana alipopanda gari la wazazi wa rafiki yake, wakavuka reli huku wanapiga soga. Alirudi nyumbani akamwuliza mama yake kama watu wale hawajui. Mama yake alikuwa na pini mdomoni, akipinda upindo wa pazia. Akazitoa, akasema hawajui, na akamwomba amshikie kitambaa upande ule wa pili.