Nusu Saa ya Salamu

Mwaka nilioamua kujaribu tena mtihani wa kidato cha nne nilikuwa na miaka thelathini na minane, mpishi katika shule moja ya msingi hapa Kakuma, na sikuwa na muda wa kupoteza. Nilizaliwa Lodwar, nikaacha masomo nikiwa kidato cha pili. Kule Lodwar kulikuwa na chuo kilichokuwa tayari kunipokea nisomee ualimu wa chekechea, mradi tu nilete cheti. Mwaka uliotangulia nilijisajili, nikaugua malaria, nikakosa karatasi ya hisabati, na cheti kikaota mbawa. Nilijiapiza kwamba jambo hilo halitatokea tena.

Safari hii nikajitengenezea ratiba. Niliikata siku vipande vipande kama mtu anayegawa nyama ya mbuzi. Githeri ya mahindi na maharagwe ikichemka, nilikokotoa hesabu kwa mkaa kwenye ukuta wa jiko. Siku moja nilizama mno hadi maharagwe yakaungua, na watoto wakala huku wakinitazama kwa jicho baya. Kwenye foleni ya maji nilirudia biolojia midomo ikichezacheza, watu wakadhani nasali.

Adui mkubwa wa ratiba alikuwa jirani yangu. Alikuwa mfugaji, mwanamke wa rika langu, aliyeniletea maziwa ya mbuzi kila asubuhi, na kwake maziwa hayapokelewi bila salamu. Ejok? Hujambo, kwa Kiturkana. Ejok nooi, sijambo sana. Baada ya hapo aliketi juu ya mtungi wa maji akaniuliza habari za nyumba, za Lodwar, za afya yangu, naye akanipa zake: nani amehama, kisima kipi kimekauka, mvua imenyesha wapi. Nusu saa nzima ikaisha hivyo. Basi siku moja nikamwambia, kwa kiasi cha adabu nilichokuwa nacho, aache maziwa mlangoni, tutasalimiana mtihani ukiisha.

Akanitazama. "Kwani mimi nimekuwa posta, mwalimu?"

Alikuwa ameanza kuniita mwalimu kwa kunitania, hata kabla sijapata cheti. Tangu siku hiyo nilisikia tu mkebe wa maziwa ukigusa jiwe la mlangoni, kisha nyayo zikiondoka. Nitasema ukweli: niliona aibu kidogo, lakini nilifurahi zaidi. Ilikuwa nusu saa kila siku, kwa mwezi mzima.

Karatasi yangu ya mwisho ilikuwa ya hisabati, ile ile iliyonitoroka. Nyumba yangu ilikuwa upande mmoja wa mto na shule ya mtihani upande wa pili. Mto huo, laga kama tunavyouita, ni mchanga mtupu karibu mwaka mzima. Unauvuka kwa ndala. Asubuhi ya siku hiyo nilipanga kusoma hadi saa moja na nusu, nivuke, nifike mapema kidogo kabla ya mlango kufungwa. Mbingu ilikuwa safi kabisa.

Nikasikia mkebe. Mara hii nyayo hazikuondoka. Aligonga, nikaendelea kusoma. Akagonga tena, nikafungua nikiwa nimekunja uso.

"Sikuja kusalimia," alisema. "Jana mvua ilinyesha huko milimani, watu ya mbuzi wamesema. Maji inakuja. Vuka sasa."

Nikatazama juu, nikatazama mchanga. Niliona ni hila ya kunitoa nje tuzungumze. Nimekulia mjini, kando ya mto Turkwel ambao kila siku una maji yake, na sikuwa nimewahi kuona mto ukija bila wingu hata moja juu yangu. Nikamwambia nimebakiza mada moja tu, nitavuka kwa wakati wangu. Hakubishana. Alinyoosha mkono akauchukua mfuko wangu uliotundikwa kando ya mlango, wenye kitambulisho, kikokotoo na kalamu zote, akashika njia ya mtoni.

Nilimfuata nikimrushia maneno ambayo mwalimu wa chekechea hapaswi kuyajua. Hakugeuka. Tulikuwa tumepanda ukingo wa pili, mimi bado namkaripia, niliposikia mvumo. Mwanzoni nilidhani ni lori. Kisha maji yakajitokeza kwenye kona, rangi ya chai ya maziwa, yakisukuma matawi na mzoga wa mbuzi, na mchanga tuliotoka kuukanyaga ukapotea. Nikakaa chini. Akanirudishia mfuko.

Ndani ya chumba cha mtihani dawati moja lilibaki tupu. Lilikuwa la mtu wa upande wetu wa mto, na nililitazama mara nyingi kuliko ilivyofaa. Hesabu zilikuwa ngumu, ila nilizifanya kwa mkono mtulivu, maana jambo la kutisha lilikuwa limeshapita. Alama niliyopata si ya kujisifia mbele ya wageni, lakini ilitosha. Mwezi ujao nahamia Lodwar, chuoni, na barua ya kuitwa nimeibandika ukutani mahali ilipokuwa ratiba.

Siku ile ya mtihani, nilipotoka nilimkuta jirani yangu amekaa nje ya ua wa shule. Mbuzi wake walikuwa ng'ambo zizini, hawajapelekwa malishoni, na mto ulikuwa umejaa pomoni. Ndipo nilipong'amua kwamba alivuka nami akijua vizuri hatarudi siku hiyo. Tukaenda kukaa ukingoni tungoje maji yapungue. Nilianza kumshukuru, machozi yakanitangulia, nikalia kama mtu aliyetuliwa mzigo. Aliniacha nimalize, kisha akajisogeza karibu.

"Mtihani imeisha?" aliuliza.

Nikamwambia umeisha.

"Basi nisalimie, mwalimu."