Lori la Baba Lilipovuta Hewa

Sisi tuliokulia Shinyanga enzi za malori ya kuwashwa kwa hendeli tuliijua sauti ya kila gari kabla halijatokeza kwenye kona. Tuko chini tunacheza mdako, mikono imejaa vumbi, mmoja anasema, "Hilo la misheni," mwingine anasema, "Hapana, hilo la pamba." Kwa vijana wa leo magari yote yanalia sawa, na wengine hata hayo hawayasikii kwa sababu masikio wameyaziba kwa muziki. Sisi tulikuwa na michembe ya viazi vikavu mfukoni, kibao cha kuandikia kwapani na njaa ya kila mara, lakini masikio tulikuwa nayo.

Baba yangu, Masanja, hakuwa nayo. Alikuwa dereva wa lori la pamba la mwenye duka mmoja mjini, Bwana Lalji. Miaka kumi alikaa karibu na injini ile, nayo ikamla masikio taratibu. Nyumbani kwetu Ibadakuli tulimgusa bega kwanza, ndipo tukasema naye. Kwa watu alitazama midomo, na wakicheka, naye alicheka. Siku moja mama alinikalisha chini akaniambia, "Kabula, masikio ya baba yako ni ya humu ndani. Ukiyatoa nje, tutakula nini?" Nilikuwa na miaka minane au tisa. Nikaitikia.

Msimu mmoja wa pamba lori likaanza kusumbua. Likiwa kwenye mwendo lilijikaza, lakini likisimama lilitetemeka, likapiga chafya kwenye kabureta, likazimika. Ili lisizime, baba alivuta choki ya kuzidisha petroli njia nzima, na petroli ikawa inakwisha kabla ya safari. Mara mbili alikwama porini na magunia ya watu. Fundi wa tajiri akabadili plagi, akasafisha kabureta, akasema gari ni zima. Hapo ikabaki maana moja tu, na Bwana Lalji akaitamka mbele ya makuli: "Masanja, petroli yangu unaiuza wapi?"

Baba akaomba Jumapili moja. "Likinishinda, nitakuletea ufunguo mwenyewe."

Jumapili hiyo lori lilisimama uani kwetu. Baba alinieleza kwamba injini hupimiwa hewa yake na kabureta, na ikipata ufa mahali pengine inavuta hewa ya wizi, ikawa kama mtu anayekunywa uji kwa bakuli lililopasuka. Ufa wenyewe hauonekani. Akachomoa unyoya wa jogoo wetu, akauchovya kwenye oili, akaniweka juu ya sanduku karibu na injini inayotetemeka.

"Mimi nitapaka kwenye maungio. Wewe sikiliza tu. Sauti ikibadilika, nishike mkono."

Joto lilinichoma uso. Alipaka huku, akapaka kule, injini ikaendelea kukohoa vilevile. Nilianza kuogopa kwamba nami sisikii. Kisha akapenyeza unyoya kwa nyuma, pale kabureta inapokaa juu ya bomba la kuingiza hewa kwenye injini, na ghafla lori likatulia kama mtoto aliyepewa ziwa. Nikamshika mkono. Oili ikafyonzwa, mtetemo ukarudi. Akapaka tena palepale, nikamshika tena.

"Wabeja, mwanangu," akasema. Baba yangu hakuwa mtu wa kushukuru watoto.

Alifungua kabureta akakuta gasketi, ile karatasi ngumu ya kuziba maungio, imechanika upande mmoja. Akakata nyingine kwenye boksi gumu la viatu, akailoweka kwenye oili, akakaza nati kidogo huku na kidogo huku mpaka ikakaa sawa. Lori likawaka, likasimama lenyewe bila choki. Siku ile mama alimchinja yule jogoo aliyetoa unyoya.

Jumatatu asubuhi baba alinipakia kwenye lori hadi dukani. Bwana Lalji aliisikiliza injini kwa muda mrefu, kisha akamwomba baba radhi mbele ya makuli walewale, jambo ambalo matajiri wengi wa wakati ule wasingelifanya. Mimi akanipa kipande cha sukari guru. Akaniuliza kwa utani, "Na baba yako aliujuaje ufa usioonekana?"

Utamu ulikuwa mdomoni na majivuno yalinijaa. Nikasema, "Si yeye, ni mimi. Baba hasikii. Mimi ndiye niliyesikia."

 Alizunguka akasimama nyuma ya baba, ambaye alikwisha kuzima injini na alikuwa anafuta mikono kwa kitambaa.

"Masanja."

Baba hakugeuka.

"Masanja."

Makuli wakaacha kupakia. Mara ya tatu aliita kwa nguvu, na baba akaendelea kufuta kidole kimoja kimoja, bado anatabasamu.

Bwana Lalji akaja mbele yake, akasema polepole, "Barabarani kuna watoto na ng'ombe. Siwezi, Masanja."

Baba akatoa ufunguo mfukoni, akampa. Kisha akanitazama, akajua. Hakunipiga. Laiti angenipiga.

Hakuna tajiri aliyempa usukani tena. Akaenda upande wa Geita, Rwamgasa, kuchimba dhahabu na wenzake. Mwaka haukuisha, shimo likaanza kumeguka. Waliotuletea habari walisema walipiga kelele watu watoke, na wanne wakatoka. Baba alikuwa amewapa mgongo, anagonga mwamba.

Mama hakuniuliza kamwe ni nani aliyemwambia tajiri.

Leo mjukuu wangu ni fundi magari. Gari likimsumbua anachomeka kimashine, kinamwandikia ugonjwa. Mwenye masikio mabovu naye huwekewa kidude sikioni, akarudi kazini. Na watoto hufundishwa kusema lolote mbele ya yeyote. Juzi kitukuu wangu aliwaambia wageni kwamba bibi siku hizi anasahau, anamwita yeye kwa jina la mama yake. Wageni wakacheka, wakamsifu kwa uchangamfu. Nami nikacheka. Kisha nikasema naenda kutazama maharage jikoni, nikakaa huko mpaka walipoondoka.