Flashi Kwenye Chungu cha Mbegu

Mimi ni mtu wa haraka, na hilo silijivunii. Ninachojivunia ni programu ya simu niliyowatengenezea wanawake wa kikundi cha kijiji chetu, huko Mgeta mlimani, ili dereva wa lori ajue nani ana matenga ya kabichi na anangoja wapi, mboga zisioze barabarani. Mama mkubwa, mwenyekiti wao, alikuwa amenitetea mbele ya kikundi kizima. Ijumaa walitaka kuiona ikifanya kazi, la sivyo waachane nayo.

Jumatano, nikiwa bado mjini, Kihonda, nikaamua kusasisha zana mbili za kompyuta ninazotumia kuitengeneza. Zinategemeana. Ya kwanza ikapakuliwa vizuri, nikafuta ile ya zamani ili nipate nafasi. Ya pili ikiwa katikati, bando likaisha. Nikajisemea nitamalizia mlimani. Ujinga mtupu! Kule mtandao hautoshi hata kutuma picha. Alhamisi kutwa kompyuta ikaniandikia jambo lile lile: matoleo hayaendani. Zana mpya ilikataa katakata kufanya kazi na mwenzake wa zamani. Nilikaribia kulia.

Mama mkubwa alikuwa anapepeta maharage. Nikamweleza.

"Kwa hiyo mpya hujaijua, na ya zamani umeshaitupa?"

"Nimeifuta, mama."

"Mimi mbegu za msimu uliopita sizitupi mpaka nizione mpya zimeota. Umekua unaniona, mwanangu!"

Akaingia ndani, akatoka na chungu chake cha mbegu. Kati ya vifurushi vya maharage, kwenye majivu, mlikuwa na kifurushi kidogo cha kitenge. Flashi yangu! Nilimpa mwaka jana nilipomwonyesha programu mara ya kwanza, nikamwambia kwa utani kwamba kazi yangu yote imo humo, na zana zake. Mimi nilisahau. Yeye aliifunga mafundo mawili.

Nikairudisha zana ya zamani. Mama mkubwa akasimama nyuma yangu, ungo mkononi, akiitazama kompyuta kama mtu anayetazama tuta.

"Imeota?"

"Imeota, mama."

Ijumaa lori lilisimama kila penye matenga, halikumruka mtu. Wanawake wakapiga vigelegele, wakauliza nani kaitengeneza programu hiyo. Mama mkubwa akaninyooshea kidole, kifua mbele. Mimi nikanyoosha changu kwake.