Nilivyopima almasi kwa kipimo cha dhahabu, nikabaki peke yangu chumbani

Wakuu, habari za humu. Ningewaamkia wakubwa, ila kwa umri wangu sidhani kama yumo wa kuniitikia marahaba.

Mjukuu ndiye anachapa, mimi nasema. Sitaongeza chumvi, hii yenyewe inanitosha.

Miaka ya hamsini mwanzoni nilitoka Geita nikaja Shinyanga kutafuta kazi. Geita nilikulia kwenye dhahabu. Kule ukitilia shaka kipande unakiweka juu ya chuma, unagonga. Dhahabu inalala, inakuwa bapa. Ile ya uongo inayong'aa inasagika. Basi, huhitaji mzungu wala mizani.

Shinyanga sikuwa na ndugu. Nilipanga chumba na Maganga, Msumbwa wa Masumbwe, mchimba visima. Tulikula sahani moja. Nikishikwa na homa, uji alinipikia yeye. Ndiye mtu pekee aliyeniuliza nimeshindaje.

Siku moja akaja na jiwe kama punje ya hindi, kalikuta shimoni. Alitaka kulipeleka serikalini apate zawadi, anunue ng'ombe wa mahari ya mchumba wake Kabula, maana baba wa binti alishachoka kungoja. Ila aliogopa kuchekwa ofisini. Akaniambia wewe umetoka kwenye madini, lipime.

Mimi na ujuaji wangu nikachukua nyundo.

Likapasuka vipande. Nikamwambia, "Chupa hii, Maganga."

Akacheka, akafagia. Jamaa alikuwa na moyo, wakuu. Mwaka huohuo Kabula akaolewa na mwingine huko Kagongwa, Maganga akasema riziki haikuwa yake.

Kipande kimoja kilibaki kwenye ufa wa sakafu. Miezi baadaye nikakipeleka kwa fundi mmoja wa karakana aliyezijua almasi. Akakikwaruza kwenye tupa. Tupa ikachubuka, kipande kikabaki vilevile. Akauliza ni mjinga gani kaligonga. Almasi haikwaruziki, akasema, lakini nyundo inaipasua.

Mjukuu anasomea kemia, kanieleza sababu. Atomu za dhahabu zimeshikana kwa ujumla, hakuna iliyofungwa na jirani mmoja, kwa hiyo ukizigonga zinateleza na bado zimeshikana. Kwenye almasi kila atomu ya kaboni imekamata wenzake wanne, haisogei. Pigo likizidi, vifungo vinakatika. Na kaboni hiyohiyo ikijipanga kwa matabaka ndiyo ile laini ya ndani ya penseli! Mimi nilijuaje?

Nilikaa na siri ile wiki nzima. Nikashindwa. Tukiwa tunakula nikamweleza Maganga yote.

Hakunigombeza. Aliacha tonge, akasema, "Ungeniacha na chupa yangu."

Kesho yake narudi kutoka kazini, mkeka wake haupo. Nilikaa chumba kile miaka mitatu bila kutafuta mwenzangu mwingine. Sikumwona tena. Mara nyingi nilijikuta nimesonga ugali wa watu wawili, na hapo upweke ulinibana kwelikweli.

Funzo: kipimo cha kitu kimoja usikipeleke kwa kingine kwa sababu tu vyote vina thamani. Hilo nimeshalielewa.

Ila lingine bado linanikosesha raha. Ukweli ule niliusema kwa ajili yake, au nilitaka tu mimi nipumue?

Nyie mngemwambia? Andikeni hata marefu, nitasomewa. Muda ninao.