Kijiko cha Maziwa Ndani ya Supu

Juzi, jikoni kwa rafiki yangu Myahudi hapa Sydney, niliona droo mbili za vijiko, moja ya nyama na moja ya maziwa, kwa kuwa dini yao hairuhusu kuvichanganya. Nikakumbuka nilipokuwa mtoto.

Likizo moja Mama alikwenda nami kazini, kwa Bibi Hana, mzee wa Kiyahudi aliyekuwa akimhudumia. Supu ya kuku ilichemka ikinukia vitunguu. "Nyama na maziwa havikutani humu, umesikia?" Mama alinionya, akaenda kumwogesha Bibi. Nilielewa kwamba vikikutana vinakuwa sumu. Nikakoroga supu, kisha nikaona alama ya buluu kwenye kijiko, kama ya droo ya maziwa.

Bibi alipoketi mezani, nikapiga kelele:

"Usinywe! Utakufa! Nimekoroga kwa kijiko cha maziwa!"

Mama akashika kichwa. "Leo nimeachishwa kazi."

Bibi akampigia simu rabi wake, kiongozi wake wa dini, kisha akamgeukia Mama. "Kijiko hiki kimegusa maziwa ya moto tangu jana?"

"Hapana, Bibi. Hakijagusa tangu wiki iliyopita."

Akasikiliza tena, muda mrefu. "Kwa kuwa siku nzima imepita, supu inaruhusiwa. Kijiko ndicho kitachemshwa ili kitakaswe."

Bakuli la kwanza akanipa mimi. Nililinywa lote, nikingoja kufa.