Siku Nilipokimbiza Mahari ya Binti Yangu

Watu wa kijiji chetu cha Daa bado wananicheka, kwa hiyo bora niseme mwenyewe. Mimi niliishia darasa la nne, gereji yangu nimeijenga kwa kuangalia tu vitu vinavyofanya kazi, basi nilipopata rimoti ya ndege ndogo ya kurusha sikuona cha kumuuliza mtu. Ndege nikaichonga kwa yale maboksi meupe mepesi ya kubebea samaki, bawa tupu bila mkia, nyuma yake vibao viwili: vikiinuka pamoja inapanda, kimoja kikiinuka na mwenzake kushuka inapinda. Kuvipa vibao viwili kazi zote hizo ndiyo wanaita miksi, na unaipanga kwenye rimoti mpaka macho yaume.

Niliipanga nimesimama mbele ya pua yake, tunatazamana, kama ninavyofundisha maksai wa kulima. Binti yangu Paulina akasema, "Baba, simama nyuma yake. Kulia kwako siyo kulia kwake." Nikamjibu nilifundisha maksai kabla mama yake hajazaliwa. (Uongo, mama yake tumelingana.)

Wakwe wakaja kutoka Nainokanoka na ng'ombe wa mahari, wakawasimamisha uani, chai ikatoka, na mimi nikaona niwaonyeshe wamepata mkwe wa namna gani. Ndege ikapaa vizuri, ikaanza kuelekea kushoto waliko ng'ombe, nikasukuma kulia, ikazidi kushoto, nikasukuma kulia mpaka mwisho, ikaingia katikati ya mahari ikilia kama nyuki.

Ng'ombe wakaondoka na uzio wangu, wakashika njia ya kwao. Kwa desturi baba wa binti hukaa kitini akijifanya hata hajawaona hao ng'ombe, lakini mimi nikawafuata mbio, na koti la harusi, kijiji kizima kinatazama, jirani yangu Mama Sesilia ananiita kutoka shamba la maharage, "Polepole, Baba Paulina, hawataisha."

Tulirudi nao jioni. Paulina alisimama mlangoni, hanitazami. Mzee Saning'o, baba wa kijana, alikuwa bado kwenye kiti chake, nami nikangoja aseme uchumba umevunjika. Akaviangalia viatu vyangu vilivyojaa udongo, akamaliza chai yake.

"Mkwe," akasema, "waliokataa ni ng'ombe. Sisi hatujakataa."

Harusi ilifungwa. Miksi nimeipanga upya, nimesimama nyuma, Paulina ameshika bawa, na kulia sasa ni kulia. Lakini sirushi tena mbele ya wageni. Wakija na ng'ombe nakaa, nashika kikombe kwa mikono yote miwili.