Ushuru wa Raha

Shule niliishia darasa la tatu, lakini mashua hii nimeinunua kwa jasho langu, na tanga nimelishona mwenyewe kwa turubai la kuanikia ngano. Hapa Ziwa Basotu watu wana mitumbwi ya kasia. Mwenye tanga ni mimi peke yangu. Wacheke tu. Upepo ukishuka kutoka Mlima Hanang, tanga linajaa, mashua inalala upande kidogo na kukata maji bila mimi kuinua mkono. Mtu aliyeshika jembe maisha yake yote anajua utamu wa kitu kinachokwenda chenyewe.

Sasa wananikamua. Mbao zimepanda, misumari imepanda. Kopo la lami ya kuzibia nyufa, mwenye duka ananitajia bei bila hata haya. Yote hayo nilimeza. Lililonikaba ni neno moja.

Kijana wa ushuru, mgeni kutoka mkoa mwingine, alinikuta nafunga kamba.

"Shikamoo, mzee. Unavua?"

"Marahaba. Sivui."

"Unabeba abiria?"

"Sibebi."

"Sasa hii ni ya nini?"

Nikajibu kwa majivuno: "Ya raha yangu!"

Sisi wa huku Kiswahili tulikikuta darasani, na mimi darasani sikukaa sana. Kwangu raha ni moyo kutulia. Yeye akaandika starehe, kama baa, kama gesti! Na ushuru wa starehe unaupita mbali ule wa mvuvi. Usipolipa, mashua haigusi maji.

"Futa. Andika mvuvi."

"Umesema mwenyewe, mzee."

Nilitamani kumtupa ziwani, viboko wamfundishe Kiswahili. Mimi, nisiyeonja hata pombe ya harusi, leo ni mtu wa starehe!

Nikauza ng'ombe mtamba tuliyemtunza kwa ajili ya mabati ya nyumba, nikalipa. Mke wangu alininyima hata salamu. Asubuhi iliyofuata nikamwona anashuka ufukweni, shuka kakaza kiunoni. Tangu niinunue mashua hajawahi kuikanyaga.

"Sogea huko," akasema. "Kama tumelipia starehe, na mimi nile yangu."

Akaketi, akaanza: tanga baya, maji yanaingia, mume hana akili. Nikamjibu kwa ukali uleule. Tukagombana mpaka upepo ukatushika katikati ya ziwa.

"Mbona inakwenda polepole?" akafoka. "Kwa mtamba mzima?"